Wauza pedi za gemu Kigoma, acheni kutuambia "inakubali simu zote"!

Wakuu, hili limenikaa kooni wiki nzima, naomba nilitoe.

Mwezi uliopita simu ilinidondoka, kioo kikapasuka kona ya chini kushoto na tachi ya upande huo ikafa. Kwa wenzangu mnaocheza lile gemu la kushuka na parashuti kisiwani, mnajua kona hiyo ndiyo kazi yote, maana ndipo kidole gumba kinapokaa kumtembeza mtu wako. Bila hiyo unasimama kama mlingoti, watu wanakumiminia risasi. Fundi akaniambia kioo ni elfu 95, tena kiagizwe Dar. Nikasema basi, pedi ya elfu 55, kile kifaa cha kushika mkononi chenye batani za kuchezea gemu, itanivusha.

Nikatoka Ujiji hadi Mwanga, dukani. Kijana akanihakikishia, "Kaka, hii inakubali simu zote, magemu yote." Akaiwasha, taa ya bluu ikapepesa, Bluetooth ikashika. Akabonyeza mshale, ile alama ikahama kutoka picha ya ujumbe kwenda picha ya kamera, pale pale kwenye kioo cha mwanzo. "Si unaona mwenyewe?" Nikaona, nikalipa.

Kufika nyumbani, nafungua gemu, nabonyeza kila batani, kimya. Natoka kwenye gemu, mshale unahamisha picha bila shida. Narudi ndani, kimya. Nimefanya hivyo mpaka chaji ikaisha.

Sasa nimeelewa, na hasira yangu inaanzia hapo. Android, mfumo unaoendesha simu yangu, inatambua pedi tangu toleo la 3.1, mwaka 2011. Lile jaribio la dukani lingefaulu kwenye simu karibu yoyote ile mliyonayo mfukoni! Ila simu kazi yake ni kupeleka taarifa tu kwamba batani fulani imebonyezwa. Gemu ndilo linaloamua kuisikia au kuipuuza, na kama waliolitengeneza hawakuliwekea sehemu ya pedi, bonyeza mpaka kesho. Call of Duty: Mobile inasikia tangu 2019, tena wenye pedi wanakutanishwa na wenye pedi wenzao, ingawa kwenye menyu bado unagusa kioo kwa kidole. Minecraft inasikia. GTA: San Andreas ya simu inasikia. Hilo langu halisikii, na muuzaji alikuwa analijua hilo vizuri, kwa sababu niliporudi kesho yake hata hakushtuka. Angeniuliza tu, "Kaka, unacheza gemu gani?" hela yangu ningekuwa nayo.

Akasema kuna programu. Akanirushia faili WhatsApp, haimo hata Play Store. Ingia mipangilio, gonga namba ya toleo mara saba, washa hiki, ruhusu ikae juu ya programu nyingine, ruhusu isome kioo. Kazi yake ni kuidanganya gemu: wewe unabonyeza batani, yenyewe inajifanya kidole kimegusa kioo. Kweli, siku mbili tulicheza raha. Siku ya tatu akaunti ikafungiwa, sababu wameandika ni programu isiyoruhusiwa.

Akaunti yenyewe ni ya miaka mitatu na nachezea pamoja na mdogo wangu. Mavazi yote ya mle ndani kayanunua yeye, kwa hela ya kubeba magunia ya dagaa Kibirizi. Alisoma ule ujumbe, akanirudishia simu, akaenda kulala. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ndicho kinachoniuma zaidi.

Halafu simu hiyo ndiyo ninayotumia kutuma na kupokea pesa! Namba ya siri naiandika kwenye kioo kilekile nilichoruhusu kisomwe na programu ambayo sijui imetengenezwa na nani. Nimeifuta, namba nimebadilisha. Je, vijana wengine waliorushiwa faili hilo wanajua walichokiruhusu?

Mengine nisiwachoshe. Kile kishikio cha pedi cha kubania simu kinakandamiza batani ya kuzimia, kila ukikaza vizuri kioo kinajizima.

Nimemfuata mara ya tatu anirudishie hela yangu. Ananionyesha chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mimi sijarudisha kwa sababu nimebadili mawazo, nimerudisha kwa sababu niliambiwa uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na maandishi ya risiti hayaifuti sheria.

Mwenye kujua duka hapa Kigoma, au hata Tabora nimuagize mtu kwa treni, ambako wanakuacha ufungue gemu lako mwenyewe na ulicheze kwa pedi kabla hujatoa hela, aniandikie hapa chini. Na kama kuna aliyewahi kufunguliwa akaunti baada ya kufungiwa kwa kosa hili, naomba anielekeze alivyojieleza. Namtafutia mdogo wangu.