Farasi ametolewa viatu, kwato zinamegeka: nimlishe nini?

Ng'ombe_na_Mmoja (Limuru)

Habarini wana jukwaa. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mambo ya farasi nimeyaingilia ukubwani. Mwaka jana nilichukua farasi mmoja aliyestaafu mbio pale Ngong Road, amehasiwa, ana miaka 9. Binti yangu ndiye aliyemlilia, lakini anayelipa ni mimi.

Viatu tulivitoa miezi 5 iliyopita. Fundi wa kwato alisema tumwache peku, atazoea. Hajazoea. Akiwa kwenye nyasi anatembea kama bwana harusi, akifika barabara ya muramu anaanza kuchagua pa kukanyaga kama mtu aliyeingia kwenye miiba. Kwato za mbele zinamegeka kingo, na ukutani zimejaa mikunjo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine.

Kula anakula vizuri sana, hilo msiniulize. Kutwa yuko kwenye malisho ya nyasi za Kikuyu, kijani kibichi, nazipa samadi ya ng'ombe. Asubuhi na jioni anapata pumba za ngano zilizochanganywa na molasi, jumla kama kilo 3, na kilo 2 za chakula cha tembe cha farasi. Jiwe la magadi liko pale analamba akitaka.

Nimeambiwa kinachokosekana ni vitamini iitwayo bayotini. Ni ghali na inaagizwa kutoka nje. Ninunue ya aina gani, na nimpe kiasi gani?

Peku_Daima

Mkuu, bayotini weka pembeni kwanza. Hata ukimpa miligramu 20 kila siku, ambacho ndicho kipimo cha kawaida kwa farasi mkubwa, utasubiri miezi 6 hadi 12 kuona kitu, kwa sababu inasaidia kwato inayoota sasa, haigusi ile iliyokwisha kuota. Na hiyo inayoota inatokana na ndoo yako ya leo. Kwa ndoo hiyo uliyoieleza, mimi hata sishangai.

Unene wake ukoje? Ukipitisha kiganja ubavuni unazihisi mbavu? Shingo juu, kwenye manyoya, kuna mafuta magumu?

Ng'ombe_na_Mmoja

Mbavu siwezi kuziona wala kuzihisi. Shingo imejaa. Mimi nilijua ndiyo afya! Alipokuja alikuwa mifupa mitupu.

Mrudishie_Viatu

Jamani tusizungushane. Farasi wa mbio wana nyayo nyembamba, huyo amevaa viatu tangu utotoni. Mrudishie viatu vya mbele, kesho anatembea. Haya mambo ya peku ni fasheni.

Saisi_Mzee (Naivasha)

Viatu vitamsaidia kutembea, sikatai, na kama anaumia sana si dhambi kumrudishia. Lakini mikunjo ile ya ukutani haitokani na kukosa viatu. Nimewashika farasi zaidi ya miaka 30. Kila mkunjo ni tumbo lililovurugika siku fulani, au homa, au kubadilishiwa chakula ghafla. Ukiona imejipanga mingi na imeachana zaidi kisiginoni kuliko mbele, hapo ndani ya kwato kulishawaka moto, hata kama hukumwona akichechemea.

Fanya hivi. Asubuhi kabla hajatoka, weka vidole viwili nyuma ya kifundo chake, upande wa ndani na wa nje, tafuta mshipa unaopiga. Kwa farasi mzima utautafuta mpaka ukate tamaa. Ukiupata haraka na unagonga kwa nguvu, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje majibu yetu huku.

Na nikuulize kaka, ndoo anaijaza nani? Wewe unajua kilichonunuliwa. Kilichoingia mdomoni anakijua saisi wako.

Jasho_la_Muskat

Salaam kutoka Oman. Huku kwetu farasi wa Kiarabu wanapewa shayiri na tende, na kwato zao ni kama jiwe. Mpe tende chache kila siku, zina nguvu.

Peku_Daima

Dada, tende tunazipenda sote, lakini huyo farasi shingo imeshajaa mafuta na unamwongezea sukari? Hao wa kwenu wanakula nini zaidi?

Jasho_la_Muskat

Haya, nimecheka. Ni kweli, tende ni kidogo tu, za kumbembeleza. Chakula chenyewe ni nyasi kavu za Rhodes na alfalfa, hiyo mnayoiita lusani. Majani mabichi ya kukanyaga kutwa tuyapate wapi na jua hili.

Dkt_UsaRiver (Arusha)

Mimi ni daktari wa mifugo. Siwezi kumpima farasi kwa maandishi, kwa hiyo haya yasichukue nafasi ya daktari wa huko kwenu. Dada wa Muskat, bila kukusudia, amegusa jambo lenyewe.

Nyasi za Kikuyu zina oksaleti nyingi, hasa zikiwa changa na zikirutubishwa. Hiyo samadi unayoisifu inachangia. Oksaleti huishika kalsiamu tumboni, ikatoka na kinyesi bila kumfaa mnyama. Ng'ombe wako hawaoni shida kwa sababu matumbo yao yana vijidudu vinavyoivunja mapema. Farasi hana bahati hiyo. Sasa juu yake unaweka pumba za ngano, ambazo zina fosforasi mara kadhaa ya kalsiamu. Unambana pande zote mbili. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Farasi anaanza kuchechemea mguu huu leo, kesho ule, na ikiendelea mifupa ya uso huvimba. Mpapase juu ya mstari wa magego, pande zote, umwambie daktari ulichokuta.

Jambo la pili ni sukari na wanga. Molasi, pumba, tembe na majani mabichi vyote vinaenda njia moja. Farasi mnene mwenye shingo ya namna hiyo mara nyingi insulini yake iko juu, na insulini ikiwa juu muda mrefu, nyuzi zinazoushikilia ukuta wa kwato kwenye mfupa hulegea. Mwombe daktari achukue damu aipime.

Magadi yatoe. Si chumvi ya mezani, na yale ya ziwani yana floridi nyingi. Mpe chumvi ya kawaida, gramu 30 hivi, vijiko viwili vya chakula.

Shela_na_Punda (Lamu)

Napita tu. Punda wetu huku wanakula nyasi kavu, maganda, na ukizubaa hata boksi la duka. Hawajui kiatu wala bayotini. Wanabeba matofali.

Saisi_Mzee

Na wengine wana vidonda vya kwato pia, ndugu yangu, tuseme yote. Ila kwa kutembea umesema kweli. Kwato ya peku inataka maili. Farasi aliyesimama matopeni kutwa unyayo wake unakuwa kama mkate uliolowa.

Ng'ombe_na_Mmoja

Wakuu, nimerudi na aibu. Nimemkalisha kijana chini tukazungumza. Anasema tembe zikiisha kabla sijarudi mjini, huchota kwenye gunia la ng'ombe wa maziwa, kwa sababu "harufu ni ile ile na anakipenda". Imetokea mara tatu au nne. Sikumgombeza, nilikuwa sijawahi kumwambia kwamba kuna tofauti.

Mshipa nimeutafuta. Upo, haugongi sana, lakini nimeupata haraka. Daktari anakuja Alhamisi.

Dkt_UsaRiver

Hilo gunia lifungiwe chumba kingine, leo. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na vya kuku huwekwa dawa iitwayo monensini. Kiasi ambacho ng'ombe hata hakihisi kinaweza kuharibu misuli ya moyo wa farasi na kumuua. Pengine lako halina. Soma lebo, au muulize mtengenezaji, na hata akisema halina, asile. Mwambie daktari wako pia ausikilize moyo.

Peku_Daima

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Mpime uzito kwanza. Zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha tena kwa urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Unapata kilo, si kamili lakini inatosha.

Ng'ombe_na_Mmoja

Kifua 186, urefu 160. Imekuja kama kilo 466.

Peku_Daima

Basi nyasi kavu ni kati ya kilo 7 na 9 kwa siku, yaani asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito. Usishuke chini ya hapo hata akikutazama kama yatima, na usimfungie njaa, tumbo la farasi halikuumbwa kukaa tupu. Tafuta Boma Rhodes, aina ya nyasi za Rhodes, oksaleti yake ni ndogo. Pima kwa mizani, usikadirie kwa mkono. Weka kwenye wavu wa matundu madogo ili mlo wa saa moja uchukue saa tatu. Kwa sasa ziloweke nusu saa hadi saa moja, maji uyamwage, sukari kiasi inaondoka nayo.

Pumba na molasi viache. Tembe utoe kidogo kidogo, wiki moja hadi siku 10. Badala yake mpe kilo moja ya lusani kavu kwa ajili ya kalsiamu na protini, daktari akikubali baada ya majibu ya damu. Ndani yake ndimo unatia chumvi na madini. Kwenye madini angalia shaba na zinki: farasi wa kilo 500 asiye na kazi anahitaji takriban miligramu 100 za shaba na 400 za zinki kwa siku, na nyasi zetu nyingi hazifikishi. Pakiti inayojisifu kwa chuma irudishe dukani. Huo udongo mwekundu wa Limuru unamlisha chuma bure.

Malisho ya Kikuyu, mzungushie sehemu ndogo iliyokwisha kuliwa, iwe ya kutembelea tu. Hayo marefu waachie ng'ombe.

Mrudishie_Viatu

Na akichechemea wakati mkimpimia majani kwa mizani?

Saisi_Mzee

Kuna viatu vya mpira vya kuvalisha na kuvua. Avae akitoka barabarani, avue nyumbani. Na fundi aje kila wiki 5, asingoje kwato ipasuke ndipo aitwe.

Ng'ombe_na_Mmoja

Wiki 10 baadaye. Nilisema nitarudi.

Damu ilionyesha insulini iko juu kuliko inavyotakiwa. Moyo mzima, uso haujavimba. Tumefuata mpango, isipokuwa wavu, aliupasua mara mbili mpaka tukanunua wa kamba nene. Kifua sasa 179. Mbavu nazihisi.

Kwato: kutoka juu zimeota kama sentimita 2, laini, bila mikunjo, na zinashuka wima zaidi kuliko ile ya zamani. Unaona kabisa pale tulipobadilisha chakula, kama ukuta uliopakwa rangi nusu. Chini bado zinamegeka. Kwenye muramu bado anachagua njia, ila amepunguza. Fundi anasema tumpe mwaka hadi sehemu mbovu iishe yote.

Tatizo langu sasa ni Rhodes. Kiangazi kimeingia, bei imepanda, na robota la mwisho nililoletewa lilikuwa na vumbi hadi farasi akakohoa.

Saisi_Mzee

Vumbi hilo ni ukungu. Usimpe, na usilioshe ukidhani litapona. Mwakani nunua ya kutosha mara tu baada ya mavuno, uyapange juu ya mbao, si sakafuni. Kwa sasa nenda mwenyewe ghalani, usitume mtu. Tia mkono hadi katikati ya robota: likiwa la moto au unyevu, liache. Na usikubali wakufungulie lile la mlangoni, waambie washushe moja la nyuma.