Mwanangu ana kifafa sugu, nimeletewa mafuta ya bangi. Mimi ni muuguzi, naombeni ushauri

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya kwa muda mrefu, leo maji yamenifika shingoni.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 6, kilo 18. Kifafa kilimwanza akiwa na miezi 7. Alipata homa baada ya chanjo, akawa anarusha mkono na mguu wa kushoto tu, karibu nusu saa nzima. Tukaambiwa ni degedege la homa, litaisha akikua. Halikuisha. Likawa linarudi kila akichemka mwili, hata akiogeshwa maji ya moto. Alipofika mwaka na nusu kikaanza kumkamata bila homa. Aliwahi kupewa dawa ya kabamazepini, hali ikazidi, tukaiacha. Sasa anakunywa valproeti na klobazamu, na miezi 3 iliyopita ameongezewa lamotrijini. Kwa wiki kinamkamata mara 4 au 5. Maneno aliyoyajua akiwa na miaka 2 yanapotea: "maji" bado analo, "dada" hana tena.

Ndugu mmoja ameniletea mafuta ya bangi, anasema mtoto wa rafiki yake alipona kabisa. Kichupa ninacho hapa mbele yangu: cha kahawia, kina kidondoshi, kimebandikwa picha ya jani, basi. Hakuna kiasi cha dawa, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna jina la aliyetengeneza. Juzi usiku kifafa kilimshika dakika 9. Alipolala nilikifungua, nikanusa, nikafunga. Tangu hapo nimekifungua mara 3.

Nafanya kazi wodi ya saratani. Huko nako wagonjwa wananiuliza kuhusu bangi, na mimi nabadilisha mada. Hapa nilipo sheria haijafungua mlango wa tiba hii. Naogopa leseni yangu. Naogopa daktari wa mtoto ataniona mama wa ovyo. Kinachoniumiza zaidi ni kufikiri kwamba pengine msaada wa mwanangu uko kabatini na mimi nimeufungia. Nifanyeje? Naombeni msinihukumu.

Kisiki
Pole dada. Mimi sina la kuzunguka: bangi ni bangi. Nimeona ilivyomharibu kaka yangu akili. Mtoto wa miaka 6? Usithubutu.

DawaNaDozi
Pole sana mama. Mimi ni mfamasia. Kisiki, nakuheshimu na pole ya kaka yako, lakini tutenganishe mambo. Mmea ni mmoja, kemikali ni nyingi. THC ndiyo inayolewesha, na ndiyo inayotuogopesha kwa ubongo unaokua. CBD haileweshi. Iko dawa ya maji ya CBD iliyosafishwa, Epidiolex, ambayo Marekani iliidhinisha Juni 2018 kwa aina 2 za kifafa kigumu cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongezwa tuberous sclerosis, ugonjwa wa kijeni unaoleta vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine. Kwa hiyo aliyekuletea habari hii si mwongo kwamba kuna kitu. Ila kichupa chako sicho hicho kitu.

Nikuonyeshe kwa hesabu unayoijua wewe muuguzi. Dawa ile ina miligramu 100 kwa kila mililita. Mtoto huanza na miligramu 2.5 kwa kilo, mara 2 kwa siku. Mwanao wa kilo 18 ni miligramu 45, yaani mililita 0.45 kwenye bomba la sindano. Daktari anaangalia, kisha anapandisha taratibu. Sasa chukua kidondoshi chako: tone moja ni miligramu ngapi? Za nini? Mwaka 2017 watafiti walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD wakazipima maabara. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo hazikufika theluthi, na 18 zilikutwa na THC. Hizo zilikuwa na lebo. Yako haina hata lebo.

Halafu kuna hizi dawa zake mbili, na hapa naomba usome polepole. CBD inazuia ini kuivunja klobazamu ipasavyo, kile kinachotokana nayo kinaweza kupanda hadi mara 3 kwenye damu. Mtoto analala kupita kiasi, mate yanamjaa, anaweza kupaliwa. Kwa valproeti, CBD huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini linaumia. Ndiyo maana wanaotumia hupimwa ini kabla ya kuanza, kisha mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Ukimpa kwa siri, daktari atakutana na mtoto anayesinzia na ini lililochachamaa, atahangaika kutafuta sababu ambayo wewe unaijua.

BabaKulwa
Sisi tulipo dawa hiyo inaandikwa na daktari bingwa, na binti yangu yuko nayo mwaka wa 2 sasa. Nitasema ukweli wangu wote. Alikuwa akidondoka mara 10 au 12 kwa siku, kofia ngumu kichwani toka asubuhi. Sasa ni mara 3, siku nyingine 4. Hakupona. Mwezi wa kwanza aliharisha, akakataa kula, akapungua hadi tukaogopa. Ikabidi klobazamu yake ipunguzwe maana alikuwa hashikiki kwa usingizi. Jambo jingine tulilofundishwa: apewe kila siku kwa namna ile ile, ama na chakula ama bila, kwa sababu chakula chenye mafuta kinaifanya iingie mwilini mara kadhaa zaidi. Juzi alishuka ngazi 6 ameshika kidole changu, bila kofia. Kwetu hilo ni kubwa. Ila anayekwambia mtoto alipona kabisa, muulize maswali mengi.

ZamuYaUsiku
Mama, mimi ni daktari wa watoto. Nimesoma maelezo yako mara 2 na nataka tuache kichupa pembeni kidogo.

Degedege refu la upande mmoja kabla ya mwaka, lililokuja na homa baada ya chanjo. Linachochewa na maji ya moto. Baadaye likaja bila homa, ukuaji ukarudi nyuma, na kabamazepini ikamzidishia. Siwezi kumtambua mtoto nisiyemwona, lakini je, kuna aliyewahi kukutajia Dravet? Hii habari uliyoandika hapa, irudie kwa daktari wake neno kwa neno, kwa mpangilio huo huo. Watoto wengi wa Dravet wana kasoro kwenye jeni inayoitwa SCN1A, na kipimo kipo, ila hata pasipo kipimo historia peke yake ina uzito.

Nasema hivi kwa sababu ikiwa ni Dravet, kabamazepini si dawa yake, na lamotrijini nayo mara nyingi inachochea. Valproeti na klobazamu zinafaa. USIIACHE lamotrijini mwenyewe ghafla, kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokata. Lakini hesabu: tangu iongezwe, vimepungua au vimeongezeka? Kama una daftari la vifafa, mpelekee daktari wake.

Na hiyo CBD, utafiti wa Dravet wa 2017 ulikuwa na watoto na vijana 120. Waliopewa CBD vifafa vikubwa vilishuka kutoka karibu 12 kwa mwezi hadi karibu 6, waliopewa dawa tupu ya kulinganishia karibu hawakubadilika. Walioacha kukamatwa kabisa walikuwa 5 katika 100. Ni msaada wa kweli, lakini si muujiza.

Swali la mwisho: dakika 9 zile, una dawa ya dharura nyumbani? Diazepamu ya njia ya haja kubwa au midazolamu ya shavuni? Kifafa kikifika dakika 5 haingojwi tena. Kama huna, hilo ndilo la kudai wiki hii, kabla ya yote.

Mizani
Upande wa sheria kwa ufupi. Mkataba wa kimataifa wa 1961 haujawahi kukataza matumizi ya kitabibu, unadai yasimamiwe. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye jedwali la 4, lile la vitu vikali zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Bado iko jedwali la 1, na kila nchi inaamua yenyewe. Kwa hiyo kura ile haikulindi wewe na kichupa chako. Nchi nyingi zina njia ya mgonjwa mmoja mmoja: daktari bingwa anaandika kwa mamlaka ya dawa kuomba dawa ambayo haijasajiliwa, anataja utambuzi, dawa zilizoshindwa na mpango wa ufuatiliaji. Muulize daktari kama njia hiyo ipo kwenu. Jina lake ndilo litakalotembea, si lako. Wewe usiagize chochote kwa posta.

DawaNaDozi
Nilisahau wodi yako. Usibadilishe mada mgonjwa akiuliza. Muulize: unatumia? Unavuta au unakula? Tangu lini? Andika kwenye faili kama unavyoandika dawa nyingine yoyote, maana bangi ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mgonjwa anaweza kutokwa damu. Kwa kichefuchefu cha dawa za saratani zipo nabiloni na dronabinoli, dawa za maabara za jamii ya THC zilizoidhinishwa Marekani 1985, lakini hutolewa pale dawa za kawaida za kutapika zikishindwa. Kumweleza mgonjwa ukweli ni kazi yako ya uuguzi. Kumpa au kumtafutia ndiko kungekugusa leseni.

MamaWawili
Nimerudi wakuu, ni wiki ya 3. Nililia niliposoma majibu yenu, asanteni.

Nilienda na daftari. Kabla ya lamotrijini alikuwa akikamatwa mara 2 au 3 kwa wiki, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu na sikuwa nimeona. Nikamsimulia daktari toka ile chanjo hadi maji ya moto. Aliacha kuandika, akaniomba nianze upya. Lamotrijini tunaishusha kidogo kidogo. Damu imechukuliwa, ya ini na ya jeni. Nimepewa midazolamu na nimemfundisha dada yake mkubwa wa ukoo anayebaki naye.

Nilipokuwa natoka nikarudi, nikaweka kile kichupa mezani. Nilikuwa natetemeka. Akakigeuza akitafuta maandishi, hakuona kitu, akaniuliza, "Umempa?" Nikasema hapana. Akasema wazazi wengi wanacho, wanaokiweka mezani ni wachache. Majibu ya jeni yakitoka, barua ya maombi ya CBD ataiandika yeye.

Wiki hii amekamatwa mara 2. Nitaendelea kuandika hapa.