Naomba ushauri: nyumba ya chupa za plastiki Busia, nina mjukuu mwenye pumu

BibiWaBusia
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100 hapa Busia, upande wa Uganda, nataka vyumba vitatu. Mwanangu anasomea uchoraji wa majengo, amenichorea nyumba kwa SketchUp, programu ya kuchorea majengo, na kwenye simu naiona mpaka jikoni. Vijana wanaookota chupa na makavera (mifuko ya plastiki) mtaani wananishawishi niachane na matofali ya kuchoma. Wana njia mbili: chupa zilizoshindiliwa udongo, au tofali la plastiki iliyoyeyushwa na mchanga. Moyo unataka, maana chupa hizo ndizo zinazoziba mtaro wetu, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Lakini nalala na wajukuu wawili na mmoja ana pumu. Je, ukuta huo hautawadhuru?

FundiTororo
Shikamoo mama. Nimejenga vyoo viwili kwa chupa na vimesimama. Chukua chupa za ukubwa mmoja, jaza udongo mkavu uliochekechwa, shindilia kwa kijiti mpaka ukibonyeza chupa haibonyei. Hapo kwenye kujaza ndipo wengi huchoka na kulipua kazi, halafu ukuta unatitia. Zilaze, funga shingo kwa kamba, kandika, kisha piga plasta pande zote mbili, kwa sababu jua huila plastiki iliyo wazi. Paa lisikae juu ya chupa: weka nguzo za zege na linta, yaani boriti ya juu ya kuta. Msingi uwe wa mawe, uinue juu ya maji ya mvua.

NesiMstaafu
Dada, mimi la chupa sina ubishi nalo, za kuyeyusha ndizo zinanitisha. Waulize wanayeyushia wapi. Mabomba ya PVC, yale yenye alama ya 3, yakiingia motoni hutoa gesi ya asidi na sumu iitwayo dioksini, na anayevuta ni kijana mwenyewe na majirani zake. Hata tofali likishapoa, plastiki hushika moto na moshi wake hauvutiki. Kama ameshatengeneza, litandike uani, si jikoni. Na kwa ajili ya huyo wa pumu, jiko la kuni lisiwe chini ya paa moja na kitanda chake.

MchoraRamani_Jinja
Mama, mwambie mwanao aiweke Busia kwenye programu na kuwasha vivuli. Sisi tuko karibu na ikweta: Juni jua liko kaskazini, Desemba kusini, lakini asubuhi na jioni ni mashariki na magharibi mwaka mzima. Kuta za upande mfupi wa nyumba ndizo zielekee huko. Madirisha yatazamane ili upepo upite, yawe na wavu. Uwazi kati ya ukuta na paa uzibwe kwa wavu pia, mbu wa malaria hupenda sana kuingilia hapo. Mtwara, Tanzania, zilijengwa nyumba 110 za majaribio kwa fikra hiyo, vyumba vya kulala viko ghorofani. Na ramani ipite kwenye kamati ya ujenzi kabla hujachimba msingi; Uganda ina sheria ya majengo tangu 2013.

BibiWaBusia
Mungu awabariki. Mwanangu amewasha vivuli: chumba cha wajukuu kilikuwa kinapigwa jua kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Ameigeuza nyumba. Vijana nao wamekubali kwamba pipa lao la kuyeyushia liko uani, watoto wanacheza hapo hapo. Nimewaambia nitanunua chupa tu, na nitawalipa kwa kila chupa iliyojazwa vizuri. Tunaanza na choo, nikiona ukuta umeshika ndipo nyumba. FundiTororo mwanangu, udongo wa kichuguu unafaa kukandikia?

FundiTororo
Unafaa mama. Uchekeche na uuchanganye na mchanga, peke yake utapasuka ukikauka.