Lenzi moja ya kazi zote kwa Canon 700D: naomba ushauri (niko Kakamega)

Mwana wa Lurambi (mwanzisha uzi)

Mulembe wadau. Mimi ni mpiga picha hapa Kakamega, huu ni mwaka wangu wa 3. Kazi zangu ni harusi, mazishi, mahafali ya shule na ibada za shukrani. Natumia Canon 700D na lenzi mbili: ile ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera, na 55-250 niliyoinunua ikiwa imeshatumika (milimita chache zinaona eneo pana, nyingi zinavuta mbali).

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja upande wa Shinyalu. Familia ilinilipa mapema, ikaniomba jambo moja tu: picha ya fahali wa mzee akiingizwa uani na wapiga ngoma za isukuti. Nilikuwa nimefunga 55-250 kwa sababu nilidhani watapitia langoni, mbali kidogo. Ngoma zikasikika nyuma ya migomba, na kufumba na kufumbua wakatokea ubavuni mwangu, hatua 4 hivi. Fahali amevishwa majani shingoni, mpigaji wa ngoma kubwa jasho linamchuruzika hadi kidevuni, nami nikichungulia naona sikio la fahali basi. Nikachuchumaa nibadilishe lenzi. Kifuniko kikaniponyoka, kikaangukia vumbini, nikakipangusa kwa shati. Nilipoinuka umati ulikuwa umeshafunga njia. Nilipata migongo ya watu. Na tangu siku hiyo kila picha yenye anga ina madoa mawili meusi juu kulia.

Sijalala vizuri wiki hii. Mzee hazikwi mara mbili.

Sasa nataka lenzi moja ikae kwenye kamera kutoka asubuhi hadi jioni. Nimeweka akiba ya shilingi 45,000, na sijali ikiwa imetumika mradi ni nzima. Ninazozitazama ni Canon 18-135 STM, Tamron 18-400, na rafiki yangu ananisukuma kwenye Sigma 17-50 f/2.8. Nyinyi mnaofanya kazi hizi huku kwetu, mngechukua ipi?

---

Ziwa Pembeni (Kisumu)

Pole sana ndugu. Hilo la fahali limeniuma hata mimi.

Chukua 18-135 STM. Nimeitumia kwenye harusi hapa Kisumu tangu 2016. Kwa bodi yako (kamera bila lenzi), ambayo sensa yake, kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo, unazidisha milimita kwa 1.6 ukilinganisha na kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo ni kama 29 hivi hadi 216. Ndani ya hema unapiga meza nzima ya wazazi, na bila kusogea unamvuta mama wa bibi harusi akifuta machozi. Ina gramu 480, shingo haitauma. Ukipiga video injini yake ya fokasi, ile inayolenga picha itoke kali, haisikiki. Ina pia kituliza mtikisiko, unaweza kuishika mkononi kwa shata ya polepole, yaani muda mrefu wa kuingiza mwanga.

---

Mama Flamingo (Nakuru)

Mimi ninayo hiyo Tamron 18-400, nikueleze ninavyoijua. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru siiachi. Ukiwa kwenye gari hauruhusiwi kushuka ovyo, na vumbi la barabara ya mbugani likiingia kwenye sensa siku yako imeisha. Kifaru akiwa ng'ambo ya uwanda namvuta, twiga akija dirishani narudi 18, sijafungua kitu.

Lakini kwa kazi zako, mdogo wangu, nitakuwa mkweli. Ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga linakuwa f/6.3 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo na mwanga unapungua). Juani hakuna shida. Kanisani ni giza. Nilijaribu kuitumia kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu, kanisa la madirisha madogo, na picha zote za karibu na madhabahu zilitoka na chengachenga kama uji wa wimbi ambao haujachekechwa. Tena ina gramu 700 na ushei. Kwa wanyama, ndiyo. Kwa harusi sikushauri.

---

Baba Neema (Bungoma)

Nakubaliana na Mama Flamingo kuhusu giza, nami nasema giza ndilo swali lenyewe. Watu wakisikia "lenzi ya kazi zote" wanahesabu milimita tu. Lenzi inaweza kufika mbali na bado isifae, kama mahali unapopiga hapana mwanga.

Chukua mfano. Uko kanisani saa 8 mchana, mvua ya Kakamega imeshatanda, mabati yanaunguruma, taa ni mbili. Kwa 18-135 ukivuta kidogo tu tundu linaanza kujibana, na ukifika mwisho uko f/5.6. Tuseme hapo unahitaji ISO 6400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda chengachenga zinaongezeka) na shata ya 1/30 ya sekunde. Bibi harusi akigeuza kichwa, amefifia. Kwa Sigma ukiwa f/2.8, mwanga unaoingia ni mara 4. Unateremsha ISO hadi 3200 na kupandisha shata hadi 1/60. Ukibakia ISO 6400 unapata 1/125, na hapo kichwa kinachogeuka kinatulia.

Ndugu yangu wa Kisumu amesifu kituliza mtikisiko, na ni kweli kinasaidia, ila kinatuliza mkono wako wewe. Mpiga ngoma hakimtulizi.

Kabla hujatoa pesa, fanya hivi. Fungua picha ulizowakabidhi wateja kwenye kazi zako za mwisho, zile walizolipia, usichanganye na majaribio. Kila faili ina maelezo ndani yake. Bofya, fungua sifa zake, utaona ulipiga kwa milimita ngapi. Ukiwa na programu ya Lightroom itakuhesabia yenyewe. Halafu hesabu zile ulizotupa kwa sababu ya kufifia, uone zilipigwa wapi. Utuletee.

---

Kijana wa Milimani (Kisumu)

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina Nikon D3300, naweza kufuata ushauri huu huu?

---

Baba Neema

Hoja ni ile ile ila majina yanabadilika. Ya kwenu inayolingana na 18-135 ni Nikon 18-140 VR. Sigma 17-50 nayo ilitengenezwa ya Nikon pia, hakikisha tu hununui ya Canon. Na jihadhari kijana: bodi yako haina injini ya fokasi ndani. Zile lenzi za zamani za Nikon zenye herufi AF peke yake zitakaa vizuri kwenye kamera lakini utafokasi kwa mkono. Tafuta AF-S.

---

Mwana wa Lurambi

Nimekaa usiku mzima na kompyuta. Kazi 3 za mwisho, picha 412 nilizokabidhi.

Kuanzia 18 hadi 55 ni 331. Kupita hapo hadi 135 ni 64. Zaidi ya 135 ni 17, na 12 kati ya hizo ni za mahafali, mtoto anapokea cheti jukwaani.

Nilizotupa kwa kufifia ni 58. Zilizopigwa ndani ya kanisa au ndani ya hema jioni ni 46.

Sikujua. Miaka 3 nimekuwa nikidhani shida yangu ni kufika mbali.

---

Ziwa Pembeni

Hesabu nzuri, lakini usizitupe zile 64. Hizo ndizo picha za viapo. Padri wengine hawaruhusu ukaribie madhabahu, na ukiwa na 50 mwisho utapata picha ya kanisa zima na maharusi wawili wadogo katikati. Mimi bado naona 18-135 pamoja na flashi nzuri.

---

Mama Flamingo

Flashi wakati wa viapo? Kwetu padri husimamisha ibada kabisa. Ongea na padri au pasta siku moja kabla, umwombe mahali pa kusimama. Mimi huwa napewa nafasi kando ya kwaya, na 50 inatosha.

---

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa kamera, nina mambo machache kabla hujanunua.

Kwanza hayo madoa mawili. Usipulize kwa mdomo, mate yatakauka juu ya sensa na utanilipa zaidi. Ingia kwenye menyu ya kusafisha sensa kwa mkono, kioo cha ndani kiinuke, kamera itazame chini, utumie puto la mpira la kupulizia. Betri iwe imejaa. Yasipotoka, lete.

Pili, lenzi zilizotumika. Huku kwetu karibu na ziwa adui ni fangasi. Lenzi inakaa kwenye mkoba wa ngozi, kabatini, miezi 6 ya unyevu, na kuvu linaota kati ya vioo. Kwa nje inang'aa kama mpya. Chukua tochi ya simu, imulike kutoka nyuma, wewe utazame kutoka mbele ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo si neno, kila lenzi inalo. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, irudishe hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Tatu, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera iwe juu ya meza, uielekeze ukutani sawasawa, piga f/2.8 kwa 17 na kwa 50. Kuza pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ni safi, lenzi hiyo ilianguka na vioo vimehama. Nimezifungua nyingi za namna hiyo, hazirudi kuwa kama zamani.

Mwisho, Sigma hiyo ina tabia zake. Pete ya fokasi inazunguka yenyewe kamera ikitafuta, usiishike wala usilazimishe, utaharibu meno ya ndani. Kwenye video utaisikia. Filta yake, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, ni milimita 77, zile za 58 ulizonazo hazitaingia. Na haikuzibwa dhidi ya mvua, wala 18-135 haikuzibwa. Kwa mvua ya Kakamega beba mfuko wa nailoni na raba bendi.

Nyumbani itie kwenye kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Badilisha vifuko kila baada ya miezi michache.

---

Mwana wa Lurambi

Wakubwa, narudi na shukrani.

Nilikwenda Nairobi Jumatano, nikabeba bodi yangu, gazeti na selotepu. Sigma ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na utando, pale pale ukingoni, kama alivyosema fundi. Muuzaji akaniambia ni alama za vidole. Nilimwomba afute, hakuzifikia. Duka la pili nilijaribu mbili. Moja pembe ya chini kushoto ilikuwa na ukungu. Nyingine nilikuza pembe zote nikasoma hadi bei za matangazo madogo ya viwanja. Nimeichukua hiyo kwa 31,000 na kofia yake ya jua. Filta nitanunua mwezi ujao.

55-250 sijaiuza. Siku za mahafali nitaifunga nyumbani kabla sijatoka, na nitakaa nayo hadi mwisho. Kaka wa Kisumu, zile 64 sijazisahau. Jana nilijaribu kanisani petu kwenye mazoezi ya kwaya, nikasimama safu ya 2, nikapiga 50 kwa f/2.8. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatikisa mkono, na vidole vyake vimetulia vyote vitano.

Madoa yametoka kwa puto, fundi.

Jambo moja zaidi. Nilirudi Shinyalu nikawaambia wale wenyeji ukweli kuhusu picha ya fahali, nikawarudishia sehemu ya pesa. Mjane alizitazama za migongo moja moja, akanionyesha kofia ya shemeji yake, akacheka kidogo. Desemba wana kumbukumbu ya mzee na isukuti watakuwepo. Wameniambia nije.

---

Fundi wa Kondele

Siku hiyo anzia 17, usimame upande wa migomba.