Eunos, Altezza au MR2: ipi kwa mguu uliozoea otomatiki?

KijanaWaBububu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Leseni ninayo, lakini tangu niipate naendesha Vitz ya nyumbani, otomatiki, na mguu wa kushoto umelala. Sasa nimetia nia ya kununua gari ya spoti ya zamani, ya gia, ya Kijapani. Nimebakiwa na tatu: Mazda Eunos Roadster ile ya taa za kuchomoza (1989 mpaka 1997), Toyota Altezza RS200 ya gia sita, na Toyota MR2 mwili wa pili, yaani toleo la pili. Naishi Bububu, kazi Mjini, asubuhi ni foleni nyuma ya daladala, wikiendi nashuka Paje. Ipi nitaizoea upesi, na ipi itanifilisi? Tafadhali asije mtu na habari za IST.

FundiMikunguni

Wa alaykumu salaam. Eunos. Gari ina kama kilo 950 na injini ya 1.6, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Gari nyepesi haihitaji klachi ngumu, na klachi laini humfundisha mtu bila kumuumiza goti. Tena injini yenyewe inavuta vizuri ikiwa chini, huna haja ya kupandisha raundi mpaka watu wa barazani wageuke.

Tabia zake utazikuta. Asubuhi gia ya pili inakataa mpaka oili ya gia boksi ipate joto. Usiilazimishe: toka na moja, pumzisha kidogo kwenye huru, kisha itie mbili taratibu. Klachi yake inafanya kazi kwa oili ya breki, na ile silinda ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi hupenda kuvuja. Pedali ikizama na gia zikaanza kukwaruza, angalia hapo kwanza kabla mtu hajakwambia gia boksi ishushwe. Mkanda wa taimingi badilisha ukifika kilomita 100,000. Ukikatika njiani, pistoni hazigongi valvu. Gari inazima, unavutwa, basi.

Kinachoiua Eunos hapa kisiwani ni kutu. Nyuma ya viti, pale turubai la paa linapoishia, kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba kwa majani, maji yanashuka na kukaa ndani ya bodi chini ya milango, na chuma kinaliwa kwa ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Gari ikilazwa chini ya mwembe masika mazima, imekwisha.

Yakhe_Wete

Yakhe fundi, unamuuzia kijana viti viwili na turubai lililozidi miaka 25! Mimi ninayo Altezza. Milango minne, buti la maana, injini ya 2.0 ya silinda nne, farasi 210. Mama anakwenda nayo Mnazi Mmoja hospitali akiwa amekaa kama mtu mzima. Gari ya viti viwili utaiendesha wiki ya kwanza, ya pili utaifunika, na mguu hauzoei gari iliyofunikwa. Anayetaka kuzoea gia anunue gari atakayoitoa kila siku.

FundiMikunguni

Hilo la kila siku nakubali. Lakini mwambie ukweli wote: farasi hao 210 wanatimia injini ikizunguka raundi 7,600 kwa dakika. Kati ya Bububu na Darajani atawaona lini? Tena ina zaidi ya kilo 1,300. Mgeni wa klachi kwenye foleni, na injini inayotaka kukamuliwa, atakuwa anaunguza diski ya klachi. Kama roho yake iko kwa Altezza basi atafute AS200, silinda sita za mstari, farasi 160. Nayo ilitoka na gia sita za mkono, na ni tulivu zaidi huku chini.

Yakhe_Wete

Silinda sita haina raha ile. Ila kwa mwanafunzi, haya.

BahariFumba

Mbona MR2 mmeiruka? Kwa sura hakuna inayoifikia. Lakini si ya mwanafunzi, na nasema hivi huku nikiipenda. Injini imekaa nyuma ya mgongo wako, kwa hiyo uzito mwingi uko nyuma. Ukiingia kona kwa kasi, ukashtuka, ukaachia mafuta ghafla, mkia unakuja mbele kabla hujasema bismillahi. Toyota wenyewe walibadilisha saspensheni na tairi kwa magari ya kuanzia 1992, kwa hiyo ukikomaa nayo tafuta ya baada ya hapo. Barabara ya Kinyasini ikiwa mbichi kwa mvua ya vuli si pahala pa kujifunzia mambo hayo.

Na jambo jengine: rejeta iko mbele, injini nyuma, mabomba ya maji yanapita chini ya gari kutoka mbele mpaka nyuma. Fundi asiyeijua akimwaga maji na kujaza tena, hewa inabaki ndani na injini inachemka. Kwa chumvi yetu hii, mabomba hayo ndiyo ya kwanza kuyakagua.

MamaGia_Jambiani

Mwanangu Bububu, hao wanabishana gari, wewe hujauliza mguu. Mimi nimejifunza kwenye pikapu ya marehemu baba, na dawa ni moja. Toka alfajiri barabara ya Fumba, hakuna watu. Usiguse mafuta kabisa. Tia moja, achia klachi polepole mpaka gari ianze kutambaa yenyewe, kanyaga tena, simama, rudia. Ni kama kuteremsha ndoo kisimani: kamba unaipitisha mkononi, huiachii. Mguu ukishapajua pale klachi inaposhika, mafuta yanakuja yenyewe.

Kilimani tumia hendibreki. Achia klachi mpaka pua ya gari inyanyuke kidogo, ongeza mafuta, ndipo ushushe hendibreki. Na usisimame kwenye mlima kwa kushikilia klachi nusu, harufu yake utaijua. Wenzetu wa Pemba wana bahati, wakitoka bandarini Mkoani tu wameshafundishwa na kilima.

Kushusha gia ndiyo wengi wanaharibu. Ukitoka nne kwenda tatu, klachi ikiwa chini, gusa mafuta kidogo injini ipande, kisha achia. Usipofanya hivyo gari inatikisika, na magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza njia ikiwa mbichi. Na wakati wa kwenda, mkono utoke kwenye gia. Si pa kupumzikia.

BahariFumba

Bi mkubwa kasema yote. Naongeza matuta: Jozani yamewekwa kwa ajili ya kima punju, hayakumfikiria mwenye gari iliyoshushwa. Kama muuzaji kakata springi, achana nayo, hata bei iwe ya kutupa.

KijanaWaBububu

Ahsanteni sana. MR2 nimeitoa, japo roho inauma. Kuna Eunos ya 1.6 Kisauni, mwenyewe anasema haijaguswa bodi. Nikienda nikaangalie nini, fundi?

FundiMikunguni

Chukua tochi na sumaku. Pitisha sumaku chini ya milango, karibu na gurudumu la nyuma. Isiposhika, hapo kuna puti iliyozibia kutu, na "haijaguswa" hiyo isameheke. Mwaga maji kidogo kwenye vile vitundu nyuma ya viti uone kama yanatoka chini. Iwashe ikiwa baridi, usikubali kuikuta imeshapashwa moto. Kisha kwenye gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: raundi zikipanda na gari haikimbii, klachi imekwisha, punguza bei.

KijanaWaBububu

In shaa Allah Jumamosi. Yakhe Wete, ile Altezza yako unaiuza?

Yakhe_Wete

Haiuzwi hata nikifilisika. Ila mwezi ujao nakuja nayo Unguja kwa meli. Utaiendesha mpaka Mahonda na kurudi, kisha ukachague. Mafuta juu yako.