Tuwapimeje Kiingereza wanachuo wa stashahada ya uuguzi?

Mkufunzi_Uuguzi

Wakufunzi wenzangu, salamu kwenu nyote.

Ninafundisha stadi za mawasiliano katika chuo cha uuguzi na ukunga, na kila mwaka muhula wa kwanza unapoanza hukabidhiwa kazi ya kuwapima Kiingereza wanachuo wapya wa ngazi ya 4 ya NTA (tuzo za taifa za ufundi), wanaoanza safari ya miaka mitatu kuelekea stashahada, ili tujue ni akina nani wanaohitaji vipindi vya ziada. Mwaka jana nilitumia jaribio nililolirithi kwa mwenzangu aliyestaafu. Lilikuwa na maswali 50 ya sarufi ya kuchagua jibu moja kati ya manne, habari ya ufahamu yenye maswali kumi, na insha fupi kuhusu siku ambayo mwanachuo hataisahau.

Binti mmoja alipata 43 katika yale maswali 50 ya sarufi, nasi tukamwondoa kwenye orodha ya vipindi vya ziada. Alipokwenda wodini kwa mafunzo ya vitendo nilimkuta ameketi mbele ya faili kwa karibu nusu saa, kalamu mkononi, na alichokuwa ameandika ni sentensi moja tu: "Patient is complain stomach." Mgonjwa alikuwa amemweleza kila kitu kwa Kiswahili, tena kwa mpangilio mzuri: tumbo lilianza kukata usiku, ametapika mara tatu, hajapata choo tangu juzi. Binti alikuwa ameyaelewa yote, na nilipomwomba anisimulie alinisimulia bila kuacha neno. Siku hiyo hiyo, kijana aliyepata 24 katika maswali yale yale, ambaye tulimweka kundi la chini kabisa, aliandika taarifa ya mistari sita yenye makosa hapa na pale, lakini muuguzi wa zamu iliyofuata angeweza kuisoma na kuitumia.

Tangu hapo sina amani na jaribio lile. Nina wanachuo 86, saa mbili za kuwapima, na wasahihishaji wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja. Naomba mnisaidie: sarufi ipewe uzito gani, ufahamu upimwe kwa habari ya aina gani, na uandishi usahihishwe vipi ili alama zangu na za mwenzangu zisipishane kama mbingu na ardhi?

Chaki_na_Ubao

Mwalimu, ulichokiona wodini wengi wetu tumekiona madarasani kwa miaka mingi. Kijana wetu wa kawaida amesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha miaka minne ya sekondari kwa Kiingereza, na katika hiyo minne mara nyingi amenakili ubaoni na kukariri. Tatizo hili si geni. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliandika ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya kufundishia hapa Tanzania, na walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo mengine. Kijana wa namna hiyo anaweza kulitambua jibu sahihi akiliona, kwa kuwa sikio lake limelizoea, na bado asiweze kulitunga mwenyewe. Maswali ya kuchagua hupima kule kutambua. Isitoshe, anayebahatisha maswali 50 yenye majibu manne manne atajiokotea alama 12 au 13 bila kujua chochote, kwa hiyo ile 24 ya kijana wako na 43 ya binti yule zote zina bahati ndani yake.

Nakushauri sarufi uipime ndani ya habari, kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mbinu hii ilianzishwa na mtafiti Wilson Taylor mwaka 1953, na yeye hakuwa anapima wanafunzi. Alitaka kujua kama maandishi yanasomeka kwa urahisi. Yeye aliondoa maneno kwa hesabu, kila baada ya idadi fulani ya maneno. Kwa kazi yako ni afadhali uchague mwenyewe maneno ya kuondoa, na uziache sentensi mbili za mwanzo zikiwa kamili ili msomaji ajue habari inahusu nini. Chukua, kwa mfano, maelezo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu nyakati tano za kunawa mikono. Mbili kati ya hizo ni kabla ya tendo na tatu ni baada yake. Ukiondoa "before" na "after", mwanachuo hatajaza kwa kubahatisha. Itambidi aelewe ni wakati gani mikono ya muuguzi inamhatarisha mgonjwa na ni wakati gani mgonjwa au kitanda chake kinamhatarisha muuguzi. Hapo umepima kihusishi, umepima ufahamu, na umepima kitu kitakachomfaa kazini. Nafasi 30 zinatosha, na msahihishaji hutumia dakika chache kwa kila karatasi.

Katika maswali ya ufahamu kuna mtego mmoja ambao lazima niutaje. Soma sentensi hii: "Mgefu alizopwa na kidunje." Sasa jibu: nani alimzopa mgefu? Umejibu kidunje, nawe hujui mgefu ni nini wala kuzopwa ni kufanywaje. Maswali mengi ya ufahamu tunayotunga yako hivyo hivyo, mwanafunzi hutafuta neno la swali ndani ya habari na kunakili sentensi iliyo karibu nalo. Kwa hiyo uliza mambo yanayomlazimu kuunganisha sehemu mbili za habari. Ikiwa maelezo ya dawa yanasema inywewe kila baada ya saa nane, na mgonjwa ameinywa saa kumi na mbili asubuhi, muulize kidonge kinachofuata kitanywewa saa ngapi. Kisha mpe mwenzako maswali peke yake bila ile habari, na lolote atakaloweza kulijibu kwa akili ya kawaida ulifute.

Zamu_ya_Usiku

Shikamooni walimu wangu. Mimi si mkufunzi, nimemaliza stashahada na ninafanya kazi wodini, ila mada hii imenigusa kwa sababu nilikuwa kama binti huyo.

Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepewa dawa "at 2.00". Nilikuwa nimempa saa mbili usiku. Nilifikiri kwa Kiswahili na nikaandika tarakimu ya Kiswahili. Mkuu wa zamu aliniita, akaniuliza kwa utulivu kama nilimpa mgonjwa dawa saa nane mchana, wakati ambao sikuwa hata nimeingia kazini. Alinisahihishia ikawa 20:00, akanionyesha kwamba kama asingeuliza, anayenipokea angehesabu muda kuanzia saa nane mchana na kumpa mgonjwa dozi nyingine mapema mno. Hakuna jaribio hata moja la sarufi nililowahi kufanya lililokuwa na swali la saa.

Kuna mengine ya aina hiyo ambayo nawaomba myaweke. Mgonjwa akisema mguu umevimba, Kiingereza kinataka ujue kama ni "leg" au "foot", na akisema mkono unauma ni lazima uchague "arm" au "hand", nasi tunaandika lolote linalotujia kwanza badala ya kumwomba mgonjwa aonyeshe. Nimesoma pia faili la mama aliyejifungua ambamo mama yule ameitwa "he" kuanzia juu hadi chini, kwa sababu kwetu wote ni yeye. Na nimekuta maandishi yasemayo "Patient give paracetamol", ukabaki hujui kama dawa imekwisha kutolewa au unatakiwa uitoe wewe. Hilo la mwisho ndilo linalotisha kuliko yote.

Kwa maoni yangu, kazi yetu ni kusikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, siku nzima. Sijui kwa nini chuoni tulipimwa kila kitu isipokuwa hicho. Msimamizi angeweza kutusomea maneno ya mgonjwa mara mbili, taratibu, nasi tukaandika taarifa.

Msahihishaji_wa_Pili

Ahsante sana, dada wa zamu ya usiku. Hoja yako ya kusikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza naiona ndiyo kiini cha mjadala huu. Najua wapo watakaosema kwamba huko ni kupima tafsiri na kwamba Kiingereza kipimwe kwa Kiingereza. Ningekubaliana nao kama wanachuo hawa wangekuwa wanakwenda kusoma fasihi. Hawa wanakwenda kukaa kati ya mgonjwa anayesema Kiswahili na faili linaloandikwa kwa Kiingereza, na jaribio lisilogusa mahali hapo halitatuambia kama wanaweza kukaa hapo. Ile insha ya siku isiyosahaulika naishauri iondolewe moja kwa moja, kwa sababu wengi wameikariri tangu kidato cha pili.

Sitapenda, hata hivyo, sarufi iachwe. Tofauti ya "gave", "was given" na "give" ni sarufi tupu, na dada ametuonyesha inavyoweza kumdhuru mtu. Jambo la kufanya ni kutenganisha makosa. Yapo yanayobadilisha maana: wakati wa kitenzi, nani ametenda na nani ametendewa, kukanusha, jinsia, saa na kipimo. Mengine yanaacha doa tu, kama kukosa "a" au "the", vibainishi ambavyo Kiswahili hakina, au kurudia kiima kama katika "the patient he is sleeping", ambapo kijana amekibeba kile kiambishi cha kitenzi chetu na kukiweka mahali pasipohitaji. Katika mwongozo wangu kosa la kundi la kwanza hupunguza alama kila linapotokea, na la kundi la pili hupunguza alama moja kwa karatasi nzima hata likitokea mara kumi. Nimeona mkufunzi akimnyima mwanachuo alama tisa kati ya 20 kwa sababu ya "the" peke yake, na karatasi ile ilikuwa na taarifa iliyokamilika kuliko zote za darasa. Hilo lilinikera sana.

Kuhusu kupishana kwa alama, fanyeni hivi. Kabla ya kuanza kazi yenyewe, chukueni karatasi kumi, kila mmoja azisahihishe akiwa peke yake na aandike alama kwenye karatasi ya pembeni, asiguse karatasi ya mwanachuo, maana jicho la msahihishaji wa pili huvutwa na wino mwekundu wa wa kwanza. Kisha kaeni pamoja. Pale mlipopishana kwa zaidi ya alama mbili kati ya 20, someni karatasi hiyo kwa sauti na kila mmoja aeleze alichokiona. Kwa kawaida mtagundua kwamba mmoja anatazama ukamilifu wa taarifa na mwingine anatazama tahajia. Rekebisheni mwongozo, halafu gawaneni zilizobaki, na katikati ya kazi mbadilishane karatasi tano tano muone kama bado mko njia moja.

Matokeo yenyewe yaandikwe kwa maneno pamoja na tarakimu. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita za kujua lugha, kuanzia A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa, na faida yake kubwa kwetu ni ule mtindo wa kueleza mtu anaweza kufanya nini. Mwanachuo akiambiwa "unaweza kuandika malalamiko ya mgonjwa kwa sentensi fupi, lakini nyakati za vitenzi bado zinachanganya msomaji", anajua aanzie wapi. Akiambiwa 11 kati ya 20 hajui chochote. Na nakusihi, mwalimu, orodha ya watakaokwenda vipindi vya ziada isibandikwe ukutani. Kijana wa miaka 18 aliyetoka mbali na nyumbani akisoma jina lake hapo mbele ya wenzake, utamfundisha Kiingereza ukiwa umekwisha kumvunja moyo.

Mkufunzi_Uuguzi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Sikukaa na ushauri wenu bure. Wiki hii niliwaomba wanachuo 12 wa mwaka wa pili wajitolee, na binti yule wa 43 alikuwa mmoja wao. Niliwasomea mara mbili maneno ya mama mwenye maumivu ya tumbo yaliyoanza saa nne usiku, ambaye mguu wake umevimba chini ya kifundo, aliyekunywa dawa ya kutuliza maumivu saa kumi na moja alfajiri. Wanachuo saba kati ya 12 waliandika saa kwa tarakimu za Kiswahili. Tisa waliandika "leg". Mwenzangu nami tulipishana kwa alama sita katika karatasi moja, na ilikuwa kama alivyosema Msahihishaji: mimi nilihesabu taarifa, yeye alihesabu tahajia.

Binti yule alikaa tena muda mrefu bila kuandika. Nikamwandikia pembeni vichwa vinne kwa Kiingereza: tatizo ni nini, lilianza lini, kuna dalili gani nyingine, amepewa nini. Akaandika mistari saba. Kulikuwa na makosa, na saa alikosea, lakini kila kitu alichosema yule mama kilikuwamo. Nimebaki na swali moja: nikiwapa wote vichwa hivyo ndani ya jaribio, je, nitakuwa nawafanyia kazi yao?

Zamu_ya_Usiku

Hapana, mwalimu, wape. Fomu tunayojaza wodini ina vichwa vilivyochapwa tayari, na hata mimi, baada ya miaka hii yote, huanza kwa kuvisoma kabla sijashika kalamu. Ila kwenye kichwa cha saa andika hapo hapo kwamba ni kwa mfumo wa saa 24, ili anayekosea awe amekosea akiwa ameambiwa.