Mrejesho: babu aliyetekwa vitani nimempata gazetini

Wakuu, niliuliza habari za babu yangu wa Marangu huku Moshi, alitekwa Tobruk kule Libya ilipoanguka Juni 21, 1942, Vita Kuu ya Pili, na nyumbani wakamlilia kama marehemu. Uliyeniambia kwenye magazeti ya zamani niache kutafuta jina nitafute kijiji, Mungu akubariki sana mkuu! Mwaka 1942 sikuona kitu, nikasogea mpaka 1945 askari walipokuwa wanarudi, napitia Mambo Leo, lile gazeti la Kiswahili la enzi za Tanganyika, toleo kwa toleo mpaka macho yanauma, ndo nikakuta barua fupi ya mtu wa Marangu anashukuru kijana wao karudi toka kifungoni, jina la babu limekosewa herufi mbili ila la baba yake liko sawasawa. Nikamsomea shangazi kwenye simu, akanyamaza, halafu akasema "soma tena mwanangu". Sasa natafuta namba ya jeshi ya babu.